Mizani ya Wimbo

Mkulima wa Machame au Marangu hupeleka kahawa yake chamani, ikapimwa mbele ya macho yake. Chama cha KNCU, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1933, kilijengwa juu ya haki hiyo: jasho lipimwe, kisha lilipwe.

Mwanamuziki hana mizani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimtambua kuwa ni mwenye mali. Kanuni za mwaka 2013 zikaagiza stempu za kodi zibandikwe kwenye kanda na diski. Lakini stempu hukitambua chombo, haiutambui wimbo. Na wimbo ulikwisha kukihama chombo. Mjini Moshi ulinakiliwa vibandani, kutoka kompyuta hadi kadi ya simu, ukapanda mlimani bila kuacha alama. Tozo ya mwaka 2023 juu ya vifaa vya kunakilia ni jambo jema, ila nayo hukusanya fedha pasipo kujua umenakiliwa wimbo wa nani.

Basi kasoro si uhaba wa sheria, bali ukosefu wa hesabu. Redio, kumbi na mabasi hayana budi kuorodhesha kila wimbo unaopigwa. Waliojua kupima buni hawawezi kushindwa kuhesabu nyimbo.