Mguu wa Mfalme Chini ya Jiwe

Meza za biliadi za anasa zinazouzwa kwa jina la Louis XV tunazihakiki hapa kwa sababu matangazo yake huwafikia wanafunzi wetu wa tafsiri. Zinapendeza, hatukatai: miguu iliyopinda, nakshi za kombe na majani. Kasoro ni uzito. Mfalme huyo alifariki mwaka 1774, na mguu wa samani za enzi yake ulipindwa ili meza ionekane nyepesi. Bamba la jiwe chini ya kitambaa lilienea kutoka Uingereza baada ya miaka ya 1820. Ili kulibeba, mguu hunenepeshwa hadi wepesi wote hupotea, ikabaki nakshi tu. Tena baadhi zina vifuko sita, ilhali karamboli ya Wafaransa haina hata kimoja!

Basi mfasiri asiandike “meza ya Louis XV”, bali “meza ya mtindo wa Louis XV”. Seremala wa Ryansoro, Gitega, akiletewa maelezo hayo pamoja na picha, neno “mtindo” litampa ruhusa ya kurekebisha. Sisi tungemshauri achukue ule wa Louis XVI, wenye miguu iliyonyooka.