Pishi na Kilichomo Ndani Yake

Mchumaji wa karafuu Pemba hupimiwa kwa pishi. Mpimaji hana haja ya kuuliza pishi ina ukubwa gani, kwani kila mtu anajua ni vibaba vinne; anachotazama ni karafuu zimefika wapi, na kama makonyo yamechambuliwa. Jicho hilohilo ndilo la kukagulia msimbo unaogusa sauti na picha kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Katika Media Foundation ya Windows, sampuli huweza kubeba bafa (pishi za data) moja au zaidi, na programu ikiifunga bafa kwa Lock hupewa mambo matatu: mahali data inapoanzia, ukubwa wa juu kabisa wa bafa, na urefu wa kilichomo sasa. Fundi mbovu husoma mpaka ukingoni. Chukua sauti ya vipimo 48,000 kwa sekunde, chaneli mbili, biti 16: milisekunde 20 ni baiti 3,840. Bafa ikiwa na nafasi ya 4,096, zile 256 za mwisho ni makonyo matupu, na zikipigwa kwenye spika huweza kutoa mkwaruzo.

Picha hufichua zaidi. Mstari wa nukta 1,366, kila nukta baiti 3, ni baiti 4,098, lakini mara nyingi kumbukumbu huujaliza hadi 4,100 ili ugawike kwa nne. Anayezipuuza baiti mbili hizo ataona mkarafuu uliosimama wima umelala kama mnazi wa ufukweni, na rangi zikipokezana mstari hadi mstari. Tena hatua ya kutoka mstari mmoja hadi mwingine yaweza kuwa hasi, pale picha inapopangwa kuanzia chini. Ndiyo maana fundi mzuri huiuliza bafa hatua yake, haikisii kutokana na upana.

Yapo mabishano: si bora kunakili kila kitu pembeni, maadamu mashine za leo zina nguvu? Kwa sauti, sawa, gharama ni ndogo. Na data ikihitajika baada ya bafa kufunguliwa kwa Unlock, kunakili ni lazima, kwa sababu anwani iliyotolewa na Lock haiaminiki tena. Lakini video ya 1920 kwa 1080 katika mpangilio wa NV12 ina baiti 3,110,400 kwa kila picha; kwa picha 30 kwa sekunde, kila nakala isiyo na kazi huhamisha zaidi ya baiti milioni 93. Simu ya bei nafuu huulipia mzigo huo kwa joto na betri.

Kwenye Android, ImageReader huwekewa idadi ya picha zinazoweza kushikwa kwa pamoja. Zisipoachiliwa kwa close, idadi ikitimia programu hukataliwa nyingine. Ni mchumaji asiyerudisha pishi shambani. Basi mkaguzi asianzie kwenye njia nyoofu, ambako kila msimbo hupendeza. Aende kwenye tawi la kosa, atafute return iliyochomoka kati ya Lock na Unlock. Akiikuta, hana haja ya kusoma ukurasa wa pili.