Ufundi wa Daftari: Philip Skippon na Kalamu Yake

Aprili 1663 Waingereza wanne walivuka kutoka Dover kwenda Calais. John Ray, mwana wa mhunzi wa Essex, alikuwa mkubwa wao kwa elimu. Francis Willughby, tajiri mwenye shauku ya ndege na samaki, ndiye aliyekuwa na fedha. Wa tatu ni Nathaniel Bacon, yule ambaye baadaye aliongoza uasi wa Virginia. Wa nne, Philip Skippon, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na ndiye ninayetaka kumsifu, kwa sababu ya kazi ambayo wengi huiona ndogo: alijua kuandika daftari la safari.

Alijifunza kwa Ray. Huko Cambridge, mwaka 1660, Ray alikuwa ametoa orodha ya mimea iotayo kandokando ya mji huo, na aliyesoma kwake alizoea kuinama, kutazama na kuandika jina la mmea na mahali ulipoota. Mwaka 1661 Skippon alifuatana naye kaskazini mwa Uingereza hadi Scotland. Mwaka uliofuata Ray alikataa tamko lililodaiwa na sheria mpya ya dini, akapoteza nafasi yake chuoni. Safari ya Ulaya ilianzia kwenye hasara hiyo.

Njiani Ray alishika mimea, Willughby akashika wanyama. Skippon aliazima jicho lilelile lililofundishwa kwa majani, akaligeuzia wanadamu: jinsi mji unavyotawaliwa, jinsi ibada inavyoendeshwa, jinsi mtambo unavyofanya kazi. Mambo haya hayakuwa na orodha iliyotangulia. Anayetafuta ndege anajua anatafuta nini. Anayetafuta maisha ya watu lazima akubali kuandika asilolijua thamani yake. Hapo ndipo ufundi ulipo. Jambo linapoonekana jipya, mkono uliandike jioni ileile, maana kesho macho yatakuwa yamelizoea na kalamu italiruka. Naliona jambo hili kuwa gumu kuliko kutunga hoja. Hoja hukuvuta yenyewe, lakini daftari halikuvuti kamwe; unalirudia ukiwa umechoka, miguu imevimba, mshumaa unaisha.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Baba yake, naye Philip Skippon, alikuwa jenerali wa Bunge katika vita dhidi ya Mfalme Charles I, akajeruhiwa vibaya kwenye pigano la Naseby mwaka 1645. Mwana wa nyumba ya Kipuritani kama hiyo alijikuta Venice, Roma, Naples, katikati ya ibada za Kikatoliki alizolelewa kuziogopa. Angeweza kujaza kurasa kwa hukumu. Alijaza kurasa kwa yale aliyoyaona.

Padua walihudhuria mafunzo ya anatomia. Kisha Willughby aliachana nao akapitia Hispania, nao Ray na Skippon wakashuka hadi Sisilia na Malta. Majira ya baridi ya mwisho Ray na Skippon walikuwa Montpellier, hadi mapema mwaka 1666, vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Uingereza na Mfalme Louis XIV akawaamuru Waingereza waondoke Ufaransa.

Yaliyofuata ni ya bwana mwenye ardhi. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, ilimpokea Skippon mwaka 1667. Mwaka 1674 alipewa cheo cha Sir, naye mwana wa adui wa Charles I akapewa heshima hiyo na Charles II. Mwaka 1679 aliingia Bungeni kwa niaba ya Dunwich, bandari ya Suffolk ambayo bahari ilikuwa imeimeza kwa karne kadhaa, nyumba na makanisa, huku ikiendelea kupeleka wabunge wawili London. Baadaye aliwakilisha Sudbury. Alifariki mwaka 1691.

Ray alichapa kitabu chake cha safari ileile mwaka 1673, kikiwa na mimea aliyoikuta nje ya Uingereza. Daftari la Skippon lilichapwa mwaka 1732 katika mkusanyo wa simulizi za safari uliojulikana kwa jina la wachapishaji Churchill, miaka 41 baada ya kifo chake. Orodha ya mimea ya Ray ilichunguzwa upya na wataalamu waliokuja nyuma yake, nao wakaisahihisha, kwa kuwa mimea bado inaota palepale. Miji aliyoipita Skippon mwaka 1664 hakuna awezaye kwenda kuitazama tena.