Chipu ya gunia ya kakao: siyo mambo ya baiti tu

Bafinaliste, wazo la kubandika chipu ya NFC kwa gunia ya kakao ya Beni, ili mununuzi ajue imetoka shamba gani, ni zuri. Lakini TFC ninazosoma zinalinganisha baiti tu: NTAG213 iko na 144, NTAG216 iko na 888. Mtu wa magendo pale Kasindi atajali baiti? Hata ukifunga chipu isiandikwe tena, linki yake inasomwa na telefone yenye NFC, inanakiliwa kwa chipu ingine. Miye ningechukua NTAG 424 DNA: ufunguo wa AES-128, kodi mpya kila mara telefone inagusa, na seva inakataa ile ya zamani. Ni bei zaidi, ndiyo, na inaomba rezo. Na bado mtu anaweza kumwaga kakao na kujaza ingine, chipu ikabaki ya kweli! Juu ya namna ya kufunga gunia yenyewe, hizo TFC hazina hata ukurasa moja.