Mlezi wa Bweni na Swali Linalokwepwa

Mlezi wa bweni anayeijua kazi yake hufika bwaloni mapema na kukaa mahali anapoiona meza ya nyuma. Anatazama nani amerudisha ugali kama alivyoupokea, nani amehama kundi lake, nani aliyekuwa akisuka wenzake kila Jumamosi na sasa analala mchana kutwa. Mambo hayo matatu yakimkuta mtu mmoja kwa wiki nzima, jioni hiyo atampitia chumbani. Hatamwita ofisini, maana ofisini huitwa mwenye kosa.

Mkoa wa Mara una vyuo vya kila namna: Chuo cha Ualimu Bunda, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, Buhare pale Musoma, na kule Butiama chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Wanafunzi wake hulemewa na mambo yanayojulikana. Bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, limechelewa. Sapu, mitihani ya marudio, zimerundikana na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kunanukia. Simu imepigwa kutoka kijiji cha wilaya ya Bunda kinachopakana na hifadhi ya wanyama: tembo wameingia shambani usiku, mahindi yamekwisha na ada imekwenda nayo. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mpango wa Elimu Haina Mwisho, vimepokea wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito au ndoa za utotoni, wengine wakija na watoto wao. Na Desemba inapokaribia, binti wa koo zinazokeketa huogopa likizo, ilhali wenzake wanaisubiri kwa hamu. Mlezi makini anajua kwamba Kiabakari, Butiama, ipo nyumba salama, na anajua wa kumpigia kabla mabweni hayajafungwa.

Ufundi wenyewe unaanzia kwenye maneno madogo. "Umelalaje, mwanangu?" Jibu huwa "Salama tu, mama." Hapo wengi wetu huondoka tumeridhika. Yeye hukaa, akaanza kukunja nguo zilizo kitandani, kisha akataja alichokiona kwa macho yake: "Siku hizi naona huli." Halafu ananyamaza, na kimya hicho hakijazi. Hasemi "jikaze". Hatoi mfano wa mtu mwenye shida kubwa zaidi. Hata dua huisubirisha mpaka asikie kwanza.

Kisha kuna swali linalokwepwa. Mwanafunzi akisema "nimechoka na yote", au akianza kugawa vitu vyake, mlezi humwuliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuuliza hivyo hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani, bali humpunguzia wasiwasi na kumfanya ahisi ameeleweka. Kwetu Tanzania swali hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mwenye mawazo hayo ana sababu ya kufunga mdomo. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Natamani na chetu kifutwe.

"Mama, usimwambie mtu." Ombi hili mlezi halikubali harakaharaka. Humjibu: "Siri yako nitaitunza. Lakini maisha yako yakiwa hatarini, nitamwambia anayeweza kutusaidia, na wewe utajua nimemwambia nani." Usiku huo hamwachi peke yake. Dawa na sumu ya panya zinaondolewa chumbani. Katika chuo cha kilimo, ufunguo wa stoo ya viuatilifu nao ni sehemu ya malezi. Kukipambazuka anapanda naye gari hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Musoma, anakaa naye kwenye benchi mpaka jina liitwe. Kumpa kikaratasi aende mwenyewe ni kumpoteza njiani. Na akirudi, mlezi ndiye anayefuatilia barua ya kuahirisha mitihani, kwa sababu mgonjwa hana nguvu za kuzunguka ofisi hadi ofisi.

Kwa vijana wa kiume njia ni nyingine. Huku kwetu mvulana hulelewa asionyeshe maumivu, kwa hiyo patroni hodari hamkalishi uso kwa uso. Humkuta karakanani. Mmoja anashika ubao, mwingine anapiga randa, macho yote yako kwenye mbao, na kabla ubao haujanyooka kijana ameshasema habari za baba yake.

Kazi hii yote mara nyingi huangukia mwalimu mwenye vipindi kamili, anayesikia mengi kuliko anayoweza kubeba. Mpishi na mlinzi wa geti nao waitwe kwenye mafunzo ya unasihi, kwani huona mengi ambayo mwalimu hayaoni. Naye mlezi apunguziwe vipindi, apewe mwenza wa kupokezana zamu, na atengewe siku ya kuonana na mnasihi kwa ajili yake mwenyewe. Hayo yanaweza kuingizwa kwenye ratiba ya muhula ujao.