Nguo na Mvinyo: Uhakiki wa Hesabu ya Ricardo

Msomaji mpenzi, ziko hesabu ambazo jibu lake ni sahihi, lakini swali lake ni pungufu. Mwanafunzi hodari aweza kuzikokotoa pasipo kosa, akapata alama zote, kisha akatoka darasani na fikira iliyopinda. Hesabu moja ya namna hiyo ina umri wa zaidi ya miaka mia mbili, nayo ingali yafundishwa vyuoni mahali pengi duniani. Serikali zinapoketi kufanya mkataba wa biashara huria, hesabu hiyo huketi pamoja nazo, hata kama hapana alitajaye jina la aliyeitunga. Nataka tuihakiki pamoja, wewe na mimi: kwanza tuipe sifa iliyo haki yake, kisha tulionyeshe pengo lake.

Mwenye hesabu ni David Ricardo. Alizaliwa London mwaka 1772 katika ukoo wa Wayahudi wenye asili ya Ureno. Alipata mali nyingi kwa kazi ya udalali wa hisa, na mwaka 1817 akatoa kitabu juu ya misingi ya uchumi na kodi. Baada ya miaka miwili akaingia katika Bunge la Uingereza, na mwaka 1823 akafariki dunia. Katika siku zake Uingereza ilikuwa na Sheria ya Nafaka ya mwaka 1815, iliyozuia ngano ya nchi za nje mpaka bei ya nyumbani ipande mno. Mkate ukawa ghali kwa maskini, na wenye mashamba wakaneemeka. Ricardo aliichukia sheria hiyo, na chuki yake ilikuwa ya haki. Hatuna budi kulikumbuka jambo hili, ili tusimdhanie kuwa mtu mwenye nia mbaya.

Hesabu yenyewe imo katika sura ya saba ya kitabu chake. Anatuambia tuzifikirie nchi mbili, Uingereza na Ureno, na bidhaa mbili, nguo na mvinyo. Kiasi fulani cha nguo chahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka mmoja katika Uingereza. Katika Ureno watu 90 watosha. Kiasi fulani cha mvinyo chahitaji watu 120 katika Uingereza. Katika Ureno watu 80 watosha. Ureno, basi, yaishinda Uingereza katika kazi zote mbili. Je, Ureno ina haja gani ya kununua kitu kwa mwenziwe?

Jibu la Ricardo ni la ajabu na la werevu. Ureno na ifanye mvinyo tu, na Uingereza ifume nguo tu, kisha wabadilishane. Uingereza itatoa nguo za watu 100 na kupokea mvinyo ambao kwake ungehitaji watu 120: imeokoa kazi ya watu 20. Ureno itatoa mvinyo wa watu 80 na kupokea nguo ambazo kwake zingehitaji watu 90: imeokoa kazi ya watu 10. Kazi iliyokuwa ikifanywa na watu 390 sasa yafanywa na watu 360, wala hapana aliyepungukiwa na nguo au mvinyo.

Sifa ya hesabu hii ni kubwa. Kabla yake watu wengi walidhani kwamba faida ya nchi moja lazima iwe hasara ya nchi nyingine, kana kwamba biashara ni mchezo wa kuvutana kamba. Ricardo alionyesha kuwa sivyo. Daktari aweza kuwa hodari wa kufua kuliko dobi, lakini saa anayoitumia kufua ameiondoa kwa wagonjwa wake. Afadhali ampe dobi nguo zake. Hata aliye dhaifu katika kila kazi, basi, ana nafasi yake sokoni. Ukweli huu haujatanguliwa, na kila mwanafunzi wa uchumi apaswa kuufahamu kabla ya kuanza kulalamika.

Sasa tuligeukie pengo. Ricardo hakuokota nchi zozote mbili. Alizichagua nchi ambazo zilikuwa zimefungamana kwa mkataba zaidi ya miaka mia moja kabla ya kitabu chake, na habari za mkataba huo hazimo katika hesabu.

Wareno si wageni kwetu. Ndio walioanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, na ndio waliopokonywa ngome ile na Waomani mwaka 1698. Walituachia maneno katika lugha yetu, na maneno mawili kati ya hayo ni mvinyo na leso. Miaka mitano baada ya kupoteza Mombasa, Ureno ilikuwa katika hofu kubwa huko kwao Ulaya. Vita vilikuwa vimezuka juu ya urithi wa kiti cha Hispania, na Ureno, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Hispania, ilihitaji manowari za Uingereza. Mwaka huo wa 1703 ikafanya mapatano ya vita pamoja na Uingereza na washirika wake. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule ikatia sahihi mkataba wa biashara ulioletwa na balozi John Methuen. Ureno ilikubali kuziruhusu nguo za sufu za Kiingereza ziingie, na Uingereza ilikubali kuutoza mvinyo wa Ureno ushuru uliopungua kwa theluthi moja kuliko ule wa mvinyo wa Ufaransa.

Tazama ni nani aliyekuwa na haraka. Mwenye kuhitaji ulinzi hawezi kupatana bei kama mwenye kuuza ulinzi. Wenye mashamba ya mizabibu walifurahi, na baadhi yao walikuwa na sauti serikalini. Wafumaji wa sufu, ambao serikali ya Ureno ilikuwa imewasaidia miaka michache tu kabla ya hapo, waliachwa washindane na viwanda vilivyowazidi kimo. Hata biashara ya mvinyo katika mji wa Porto ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wafanyabiashara Waingereza. Mvinyo haukutosha kulipia nguo zote, na pengo likazibwa kwa dhahabu ya Brazil. Haki yataka tuseme pia kwamba wanahistoria hawakubaliani juu ya uzito wa mkataba ule. Wako wasemao kwamba dhahabu yenyewe iliwalemaza Wareno, kwa kuwa mwenye fedha za kununua haoni haja ya kutengeneza.

Uingereza kwa upande wake haikujifunza kufuma kwa kuacha mlango wazi. Nguo nzuri za pamba kutoka Bara Hindi zilipoanza kuvaliwa na watu wa London, Bunge lilizipiga marufuku kwa sheria za mwaka 1700 na 1721. Sheria za Nafaka zilifutwa mwaka 1846 tu, wakati viwanda vya Uingereza vilipokuwa havina mshindani. Nchi iliyoukweza mlima kwa ngazi iliwaambia wengine kwamba ngazi haifai.

Lakini pengo kubwa zaidi ni hili. Katika hesabu ya Ricardo wamo wafumaji na wakulima wa zabibu, lakini hamna mwenye enzi. Hatuambiwi ni nani katika Ureno aliye na mamlaka ya kusema, “Mwaka huu twakubali, mwaka ujao tutatazama.” Na katika Ureno ya wakati ule swali hilo halikuwa dogo. Mwaka 1807 majeshi ya Ufaransa yalipoingia nchini, jamaa ya kifalme walikimbilia Brazil wakisindikizwa na manowari za Uingereza. Mwaka 1808 bandari za Brazil zikafunguliwa, na mwaka 1810 ukafanywa mkataba mwingine. Kwa mkataba huo bidhaa za Kiingereza zilitozwa ushuru wa asilimia 15 katika Brazil. Bidhaa za Wareno wenyewe, wenye koloni, zilikuwa zikitozwa asilimia 16. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akalipa zaidi mlangoni pa nyumba yake.

Mwaka 1817, Ricardo alipokitoa kitabu chake, mfalme wa Ureno alikuwa angali Rio de Janeiro, na mkuu wa jeshi la Ureno alikuwa Mwingereza, William Beresford. Mwaka huo huo Gomes Freire de Andrade, jenerali Mreno, alinyongwa karibu na Lisbon kwa kushtakiwa kula njama dhidi ya utawala ule. Kitabu chasema kwamba Ureno yachagua mvinyo. Nasi twauliza: Ureno ipi, na imechagua lini?

Ricardo mwenyewe, kwa uaminifu wake, alituachia mlango wa kuikosoa hesabu yake. Alisema kwamba kama rasilimali ingehama kwa urahisi kutoka nchi hata nchi, ingekuwa afadhali nguo na mvinyo vyote vifanywe Ureno. Aliamini kwamba matajiri hawapendi kuiacha nchi yao na kuikabidhi mali yao kwa serikali ya kigeni. Hesabu yake, basi, ilijengwa juu ya sharti kwamba mali hubaki nyumbani. Katika zama hizi za utandawazi sharti hilo limevunjika. Fedha huvuka bahari kwa dakika moja, na kiwanda kilichofunguliwa mwaka huu chaweza kuhamishwa mwaka ujao kwa sababu nchi ya jirani imepunguza kodi. Anayeitumia hesabu ya 1817 bila ya kulitaja sharti lake amenukuu nusu ya ukurasa.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya watu wa kale na wa mbali. Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mitumba ikomeshwe katika muda wa miaka mitatu, ili viwanda vya nguo vipate kufufuka. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao mwaka 2017. Marekani ikaanza kuchunguza kama nchi zetu zilistahili kuendelea kupata nafuu ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya, iliyokuwa ikiuza nguo nyingi huko, iliacha mpango ule mapema. Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake wa dola mbili na nusu kwa kilo, na mwezi wa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu ile.

Sisemi kwamba Rwanda ilikuwa na hekima na wengine walikuwa waoga. Kenya ilikuwa na wafanyakazi wengi wa viwandani wa kufikiriwa, na Rwanda iliuza huko nguo chache tu. Wala sisemi kwamba mitumba ni laana. Maelfu ya watu hupata riziki yao Gikomba, na wazazi wengi hupata huko sweta ya mtoto kwa bei wanayoiweza. Tena viwanda vyetu vya zamani, vilivyolindwa kwa ushuru mkali, havikuanguka kwa sababu ya mitumba tu. Vingine viliangushwa na uongozi mbaya na uvivu wa asiyeogopa mshindani. Mlango uliofungwa daima huzuia mwizi, lakini huzuia na hewa.

Ninalosema ni hili: tazama ni nani aliyeweza kukataa, na kukataa kulimgharimu nini. Yule aliyekuwa na mnunuzi mmoja mkubwa alishindwa kukataa. Ureno ya 1703 ilikuwa na mlinzi mmoja. Nayo haikuweza kukataa. Enzi ya taifa haikai katika bendera na wimbo peke yake. Hukaa katika uwezo wa kusema ndiyo au la katika chumba cha mapatano, na uwezo huo hutengenezwa kabla ya kuingia chumbani: kwa kuwa na wanunuzi wengi, mafundi wengi, chakula cha nyumbani na umoja na jirani.

Pengine utanijibu kwamba kila mkataba hupunguza enzi. Ni kweli. Kenya, Uganda na Tanzania zilipoanza umoja wa forodha mwaka 2005, kila moja ilitoa sehemu ya mamlaka yake juu ya ushuru. Lakini kutoa kwa hiari, miongoni mwa wanaoketi meza moja na wenye haki ya kulijadili jambo upya, si sawa na kuomba upunguziwe ushuru kwa sheria ambayo Bunge la nchi nyingine lilitunga nalo laweza kuiondoa. Katika hali ya kwanza enzi imewekwa akiba. Katika hali ya pili imewekwa rehani.

Kwa hiyo, ukiletewa hesabu ya Ricardo, usiitupe. Ikokotoe, upate 30 yako, kisha uongeze maswali ambayo mwenyewe hakuyaandika. Kati ya wale 30 waliookolewa, kwa nini 20 ni wa upande mmoja na 10 wa upande wa pili? Wafumaji walioachishwa kazi watajifunza nini, na ni ufundi gani utakaozikwa pamoja nao? Mali itabaki wapi? Na kesho bei ikibadilika, ni nani atakayekuwa na haki ya kuufungua mkataba? Biashara iliyo huru ni ile ambayo pande zote mbili zaweza kuikataa. Siku moja huenda wewe ndiye utakayetumwa kuketi katika chumba cha mapatano kwa niaba ya nchi yako. Nenda na hesabu, lakini usiache maswali haya nyumbani.