Tochi Kwanza, Picha Baadaye

Chumba kinatiwa giza kidogo, mgonjwa anaambiwa atazame mbali, na daktari anahamisha mwanga wa tochi kutoka jicho moja hadi jingine, kisha anarudi. Mwanga ukiwa kwenye jicho zima, mboni zinasinyaa. Ukihamia kwenye jicho ambalo neva yake imedhurika, mboni zote mbili zinapanuka. Ni kipimo cha sekunde chache, nami nakistahi kuliko mashine nyingi.

Tochi husema neva inaumwa. Haisemi inaumwa nini. Ustadi wenyewe unaanzia kwenye maswali. Uoni ulipungua kwa muda gani? Jicho linauma ukiligeuza? Mwanamke kijana aliyepoteza uoni ndani ya siku chache, tena anaumia akizungusha jicho, huelekea kuwa na mchochota wa neva, ambao mara nyingi huanza kupoa wenyewe baada ya wiki mbili tatu. Mwanamke wa makamo ambaye uoni umemfifia kwa miezi bila maumivu humfanya daktari afikirie meninjioma, uvimbe unaoota kwenye ala ya neva. Akiwa ni mtoto, daktari mzuri humvua shati: madoa sita au zaidi ya rangi ya kahawa kwenye ngozi huashiria neurofibromatosi, ugonjwa wa vinasaba unaoandamana na glioma, uvimbe wa neva yenyewe. Napenda sana hapo, jicho linapotafutiwa jibu mgongoni.

Kisha MRI. Glioma hunenepesha neva yenyewe. Meninjioma huizingira, zikaonekana kingo mbili zinazong'aa kama reli. Mwenye haraka huandika meninjioma palepale. Mjuzi husita, kwa sababu sarkoidosi, ugonjwa wa vinundu vya mchochota mwilini, huchora reli hizohizo, na mchochota wa ala pia. Kaswende na kifua kikuu navyo havijaondolewa. Basi huagiza damu na picha ya kifua, pengine maji ya uti wa mgongo. Steroidi huzitoa kwa hadhari, maana limfoma, saratani inayoweza pia kuvamia neva hii, husinyaa kwa dawa hizo kwa muda, ikajificha, mgonjwa akadhani amepona.

Kukata kipande kikapimwe maabara kungemaliza ubishi, ila kunaweza kuondoa uoni uliobaki. Kwa hiyo daktari hurudia kupima upana wa kuona baada ya miezi, akilinganisha karatasi kwa karatasi. Mchochota uliotarajiwa kupoa usipopoa, jina la ugonjwa linafutwa na uchunguzi unaanza upya. Picha na mwenendo vikikubaliana kwamba ni meninjioma, na uoni ukazidi kupungua, mgonjwa hupelekwa kwenye mionzi bila kisu kugusa neva.